Mwongozo kamili: kutafuta na kutambua uyoga wa kichuguu Moshi na Arusha

Kila mvua zikikolea, picha ni ile ile. Uyoga umeshakatwa, umepangwa kwenye sinia jikoni, umepigwa picha kutoka juu, na chini yake swali: "Wadau, huu unaliwa?"

Swali hilo halijibiki. Kofia peke yake haisemi lolote la kutegemewa. Kilichokuwa na jibu kimebaki shambani: kitako cha shina, udongo uliokishika, na kichuguu au mti uliokuwa jirani. Anayejibu "unaliwa, mimi nakula kila mwaka" kwa kutazama picha hiyo anabahatisha kwa tumbo la mwenzake.

Mwongozo huu unafundisha uyoga mmoja tu, ule unaooteshwa na mchwa. Nimeuchagua kwa sababu una alama moja ambayo ni adimu kwa uyoga mwingine, na alama hiyo iko chini ya ardhi. Ukijifunza kuifuata hadi mwisho, utakuwa umevuka kosa linalowaangusha wengi. Aina nyingine nimezitaja kwa ajili ya kuziacha, si kwa ajili ya kuzila.

## Vitu vya kuandaa

- Kikapu cha ukili au tenga dogo. Uyoga kwenye plastiki hutoka jasho na kuoza kabla hujafika nyumbani.
- Mifuko ya kaki au magazeti, ili kila kichuguu kiwe na furushi lake.
- Kijembe kidogo au mwiko wa fundi wa kuchimbia. Panga halifai kwa kazi hii, maana hukata pale pale unapopahitaji.
- Kisu kidogo, na brashi ya rangi iliyo kavu ya kupangusia udongo.
- Rula, daftari na kalamu. Simu ni ya picha, lakini usiiamini simu kuliko daftari.
- Gambuti na fimbo ndefu.
- Nyumbani: karatasi moja nyeupe, moja nyeusi, na bakuli la kufunikia.

Programu za simu zinazotaja jina la uyoga kwa picha sijaziweka kwenye orodha, na si kwa kusahau. Zinatazama kofia, kosa lile lile la picha ya sinia.

## Vipimo vya kusahau kabla ya kutoka nyumbani

Wapo wanaochemsha uyoga na kitunguu wakiangalia kama kitabadilika rangi. Wapo wanaotumia kijiko cha fedha, wanaosema ukiliwa na konokono au nyani basi ni salama, na wanaomwaga maji ya kwanza wakidhani sumu imekwenda nayo.

Hakuna hata kimoja kinachopima sumu. Sumu inayoua ini, ile ya uyoga wa jamii ya Amanita, haivunjwi na moto wala haimalizwi kwa kukausha. Konokono anaweza kula kitu kitakachokupeleka wewe kaburini, naye akaendelea na safari yake. Hata ladha haisaidii: waliopona wamewahi kusema chakula kilikuwa kitamu.

## Hatua ya 1: Shuka, usipande

Wengi wakisikia "uyoga wa porini" wanawaza msitu mnene juu ya Kilimanjaro au Meru, na hapo ndipo wanapoanza kupotea.

Uyoga mwingi unaoota ardhini kwenye miombo ya Tabora au Songea huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti ya huko. Miti yetu ya asili ya milimani, kama mwerezi, podo na mkulo, haina ushirika wa namna hiyo na uyoga wa kofia. Ndiyo maana ndani ya msitu wa mlima utakuta zaidi uyoga wa magogo: masikio, uyoga mgumu kama ubao, na vijiuyoga vidogo vya kahawia ambavyo mwanafunzi hana sababu ya kuvigusa.

Mchwa wajengao vichuguu wanapenda joto. Kadiri unavyopanda, vichuguu vinapungua. Kwa hiyo shuka: tambarare za chini ya Moshi kuelekea Kahe, upande wa Bomang'ombe na barabara ya Mererani, na kwa Arusha nyika za Kisongo na kushuka Monduli. Tafuta penye migunga, majani ya kutosha na vichuguu vyenye uhai.

Onyo kuhusu mashamba ya misonobari. West Kilimanjaro, Rongai na Meru kuna mashamba makubwa ya miti ya kupandwa. Msonobari ni mgeni, na uyoga wake ni mgeni vilevile, uliofika pamoja na mizizi. Huko ndiko unapoweza kukutana na ule mwekundu wenye madoadoa meupe, ambao ni sumu. Mbaya zaidi ni Amanita phalloides, muuaji mkubwa kuliko uyoga wote duniani, ambao umeripotiwa Tanzania chini ya misonobari.

Hapa niwaombe ndugu zangu mliokulia kwenye miombo msikie vizuri. Kwenu mnakula uyoga wenye kikombe, yaani kifuko, kwenye kitako na sketi, yaani pete, shingoni, na mnaujua tangu utoto. Ni kweli, upo unaolika. Lakini ujuzi huo ni wa msitu ule. Ukija nao chini ya msonobari, alama zile zile za nyumbani ndizo alama za yule muuaji. Kwa mwongozo huu, chini ya msonobari hatuchumi kitu.

Ishara kwamba umefaulu: una eneo moja au mawili ya tambarare yenye vichuguu, na unaweza kuyafikia asubuhi na mapema.

## Hatua ya 2: Pata ruhusa, na uliza dawa

Ndani ya Hifadhi ya Taifa hukusanyi kitu, uwe Kilimanjaro au Arusha. Kumbuka kwamba tangu 2005 ule msitu wa Kilimanjaro uliokuwa chini ya mamlaka ya misitu umeingizwa kwenye mipaka ya hifadhi, kwa hiyo maelezo ya wazee kuhusu "pale tulipokuwa tunaokota" huenda yamepitwa na mpaka. Kwenye misitu ya serikali, Rau ukiwa mmojawapo, waulize TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwanza.

Kwenye ardhi ya kijiji, anza na mwenye shamba. Asipojulikana, mwone mwenyekiti wa kitongoji. Ni adabu, na pia ni ulinzi: mtu anayechimba kichuguu cha watu alfajiri akiwa na kijembe huzua maswali.

Ukipata ruhusa, uliza swali la pili: hapa mnapuliza nini? Uyoga hunyonya madini na sumu kutoka kwenye udongo. Kahawa hupuliziwa dawa za shaba, hivyo mashamba ya zamani ya kahawa yana mabaki yake ardhini. Ruka pia kingo za mashamba ya maua, madampo, na ukanda wa barabara kuu ya Moshi–Arusha, hata kama kichuguu cha pale kinakukonyeza.

## Hatua ya 3: Subiri mchwa wenyewe waseme

Uyoga huu hauoti kwa sababu imenyesha jana. Mchwa hawa hulima: hubeba majani makavu na vijiti, hutengeneza masega ndani ya kichuguu, na kuvu hukua juu ya masega hayo kuwa chakula chao. Mvua ikizama hadi kwenye masega, kuvu husukuma uyoga kwenda juu kutafuta hewa.

Ishara ya kwanza ni kumbikumbi. Wakishamwagika kwenye taa za baraza mwanzoni mwa mvua, anza kupita kwenye vichuguu vyako mara kwa mara. Kwa kawaida uyoga hufuata wakati ardhi imeloa kwa kina, si kwa juujuu. Masika, kati ya Machi na Mei, ndiyo ya kutegemea. Vuli ya Novemba na Desemba hutoa pia, ila mwaka mwingine hunyesha mvua ya kudanganya na usipate kitu.

Nenda alfajiri. Jua likipanda, kofia hufunguka, funza huingia, na mbuzi hufika. Halafu kuna wenyewe wa kijiji, ambao watakuwa wamepita kabla yako kwa vyovyote.

## Hatua ya 4: Mtafute aliyekula kichuguu hicho hicho

Hatua hii wasomaji wa mjini huiruka, na ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote ukiacha kuchimba. Kichuguu kinachotoa uyoga hutoa tena mwaka unaofuata, mara nyingi majira yale yale. Kwa hiyo jirani na kichuguu chako yupo mtu anayekijua: bibi mwenye shamba, mama anayeuza mafungu sokoni msimu wa mvua, au kijana wa kuchunga.

Namna ya kuuliza ni muhimu. Ukimwonyesha mtu uyoga na kumuuliza "huu unaliwa, eti?", umeshamwekea jibu mdomoni. Wengi watakubali kwa ukarimu tu. Uliza hivi:

"Shikamoo bibi. Naomba kuuliza, uyoga wa kichuguu kile huwa mnaokota?"
"Marahaba mwanangu. Tunaokota."
"Mnaupika hapa nyumbani? Mnauandaaje?"
"Na upo mwingine wa hapa hapa ambao hamuugusi?"

Swali la mwisho ndilo lenye mali. Anayejua uyoga kweli atakutajia upesi ule asioula na sababu yake. Anayesema "yote inalika tu" mshukuru, muage, tafuta mwingine. Na usimpelekee uyoga mkononi. Mwombe, kama miguu yake inaruhusu, mfike naye kwenye kichuguu. Yeye pia anautambua kwa mahali ulipoota, na ukimtenga na mahali hapo unamnyima nusu ya ujuzi wake.

Ishara kwamba umefaulu: mtu mmoja mzima amekuonyesha kichuguu mahususi ambacho familia yake hula uyoga wake, na amekutajia angalau mmoja asiougusa.

## Hatua ya 5: Chimba, usikate

Kwanza piga kelele na gonga ardhi kwa fimbo kuzunguka kichuguu. Mashimo ya vichuguu ni nyumba za swila na kenge, na wakati mwingine chatu. Usitie mkono kwenye shimo usiloona mwisho wake. Angalia pia miguuni: siafu hupenda msimu huu huu.

Kisha hakikisha kichuguu ni hai. Bandua kipande kidogo cha udongo wa juu. Mchwa askari wenye vichwa vikubwa vya wekundu-kahawia wakitokea kulinda ufa, sawa. Wasipotokea, kichuguu huenda kimekufa, na kwenye kichuguu kilichokufa kuvu wengine hujiotea wapendavyo.

Sasa piga picha ya uyoga ukiwa bado umesimama: moja kwa mbali kuonyesha kichuguu, moja kwa ubavu, moja ukiwa umelaza simu chini kuonyesha upande wa chini wa kofia.

Chagua uyoga mmoja uliokomaa na mmoja ambao bado haujafunguka. Chimba kuanzia kando, kiasi cha upana wa kiganja kutoka kwenye shina, ukishuka taratibu. Usivute. Ukivuta, shina litakatika usawa wa udongo na jibu litabaki chini.

Utaona shina halina mwisho pale udongo unapoanza. Linaendelea kushuka kama mzizi, likipungua unene, gumu kidogo, mara nyingi lenye ganda jeusi au la kahawia. Linaweza kushuka zaidi ya rula yako ya sentimita 30. Lifuate kadiri unavyoweza bila kubomoa nyumba ya mchwa. Si lazima ufike kwenye masega. Unachotaka kuthibitisha ni kwamba mzizi upo, unashuka ndani ya kichuguu, na hauna mfuko wala kikombe njiani.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu kuota *juu* ya kichuguu si ushahidi wa kuota *kutoka* kwenye kichuguu. Udongo wa kichuguu ni mzuri, na uyoga wowote unaweza kujibanza pale. Mzizi ndio unaotenganisha mwenyeji na mpangaji.

Ukimaliza, rudisha udongo na ushindilie kwa mkono. Shimo lililoachwa wazi hukausha masega, na mwakani utarudi bure.

Ishara kwamba umefaulu: una uyoga wenye mkia mrefu wa chini ya ardhi, na picha za mahali ulipotoka.

## Hatua ya 6: Usome kutoka chini kwenda juu

Kaa kivulini, weka daftari, andika kila kipengele kabla ya kuangalia kinachofuata. Macho yenye njaa huona yanachotaka.

Kitako. Mzizi mrefu, hakuna kikombe. Kikombe ni kile kifuko cheupe kama soksi kinachoshika kitako cha shina. Kinaweza kuwa kimechanika na vipande vyake kubaki kwenye udongo, kwa hiyo pekua udongo ulioutoa. Ukikuta kifuko, kazi imeisha. Weka chini, nawa mikono, nenda kwenye kichuguu kingine.

Shina. Jeupe, lililojaa nyuzinyuzi, imara. Baadhi ya aina za uyoga wa mchwa zina pete shingoni na nyingine hazina, hivyo pete haikubaliki wala kukataliwa kama ushahidi ikiwa peke yake. Kwa anayeanza nashauri uanze na isiyo na pete. Inakupunguzia washukiwa wengi kwa mara moja.

Vibamba. Geuza kofia uone zile karatasi nyembamba zilizopangwa chini yake. Zinapaswa kuwa nyingi, zimebanana, nyeupe au krimu, zikielekea waridi hafifu uyoga ukizeeka. Hazigandi moja kwa moja kwenye shina. Rangi ya kijani ni kukataa papo hapo. Rangi ya kutu na ya chokoleti pia.

Kofia. Sasa ndiyo unaruhusiwa kuitazama. Katikati pana chuchu ngumu, mara nyingi ya rangi iliyokolea kuliko sehemu nyingine. Hiyo ndiyo iliyotoboa udongo. Papasa kwa kidole: ni ngumu kweli, si kivuli cha rangi tu. Kingo za kofia zikikomaa huchanika kuelekea katikati.

Uyoga mchanga. Pasua kwa kisu kutoka juu hadi chini ule ambao haujafunguka. Usione ganda linaloufunika mzima kama yai. Amanita ikiwa changa huwa ndani ya ganda la namna hiyo, na hapo ndipo watu huidhania kuwa uyoga mwingine.

Kuhusu vile vijiuyoga vidogo vyeupe vinavyotapakaa kwa mamia juu ya udongo jirani na vichuguu: navyo vina uhusiano na mchwa, na watu wanavila. Lakini havina mzizi mrefu wa kukuthibitishia, na vinafanana na vidogo vingine vyenye sumu. Msimu wa kwanza vipite.

## Wanaokudanganya, kwa mpangilio wa hatari

Amanita phalloides. Kofia ya kijani-zeituni hadi iliyopauka, vibamba vyeupe, sketi, kikombe kwenye kitako, spora (vumbi la uzazi, tazama Hatua ya 7) nyeupe. Haina mzizi. Ukikata shina juu ya udongo, umeacha kikombe ardhini na umebeba uyoga mweupe wa kupendeza.

Uyoga wa nyasi wenye vibamba vya kijani, Chlorophyllum molybdites. Huu ndio unaolaza watu wengi katika nchi za joto. Hauui mara nyingi, lakini utakutapisha na kukuharisha kati ya saa moja na tatu baada ya kula, na kwa mtoto mdogo hali inaweza kuwa mbaya sana. Ni mkubwa, mweupe, una magamba ya kahawia juu, pete shingoni, na hupenda nyasi zilizokatwa: viwanja vya mpira, nyua za shule, bustani za makanisa, mara nyingine ukijipanga kwa duara. Ubaya wake ni kwamba ukiwa mchanga vibamba vyake ni vyeupe safi. Kijani huja baadaye. Mtu hutazama, haoni kijani, anapika.

Vidogo vyeupe au vya kahawia vyenye magamba, jamii ya Lepiota. Baadhi vina sumu ile ile ya ini. Kofia isiyozidi upana wa vidole vitatu, isiyo na mzizi, usiihangaikie.

Wenye mzizi wasio wa mchwa. Upo uyoga unaoota kwenye mizizi ya miti iliyooza chini ya ardhi, nao una mkia mrefu. Kofia yake huteleza ikilowa na spora zake ni nyeupe. Hiyo ndiyo sababu mzizi peke yake haukupeleki jikoni.

## Hatua ya 7: Chukua chapa ya spora

Spora ni lile vumbi la uzazi linalodondoka kutoka kwenye vibamba. Spora moja huioni, lakini zikilundikana rangi yake haina ubishi.

Chukua uyoga mmoja uliofunguka vizuri. Kata shina karibu na kofia. Bandika karatasi nyeupe na nyeusi ubavu kwa ubavu, laza kofia vibamba vikiwa chini, nusu kwenye nyeupe na nusu kwenye nyeusi. Funika kwa bakuli ili upepo usipeperushe. Acha usiku kucha. Kofia ikiwa kavu, dondoshea tone moja la maji juu yake.

Asubuhi inua wima bila kuburuta.

- Waridi iliyopauka, au krimu yenye wekundu wa mbali: endelea.
- Nyeupe: acha. Amanita wako hapa.
- Kijani kilichofifia: acha, ni yule wa nyasi.
- Kahawia ya kutu, chokoleti au nyeusi: si uyoga tunaoutafuta.

Spora nyeupe hazionekani kwenye karatasi nyeupe. Ndiyo kazi ya ile nyeusi. Waridi iangalie mchana, karibu na dirisha. Taa za njano za jikoni hufanya kila kitu kionekane waridi.

Usipopata chapa yoyote, uyoga ulikuwa mchanga mno au umezeeka. Rudia na mwingine. Hapa ndipo watu husema "ah, mengine yote yamelingana". Nimesikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyopenda, na jibu langu ni moja: uyoga uliobaki kwenye friji hautakimbia, subiri kesho.

Waridi nayo haitoshi ikiwa peke yake, kwa kuwa jamii ya uyoga wa Entoloma, yenye aina za sumu, hutoa waridi pia. Ila Entoloma haina mzizi wa kichuguu, na vibamba vyake hugusa shina.

## Hatua ya 8: Uamuzi

Fungua daftari. Vitu sita viwepo vyote:

1. Mzizi mrefu unaoshuka ndani ya kichuguu hai, ulioufuata kwa jembe mwenyewe.
2. Hakuna kikombe wala vipande vyake.
3. Chuchu ngumu katikati ya kofia.
4. Vibamba vyeupe hadi waridi, visivyoganda kwenye shina.
5. Chapa ya waridi iliyopauka.
6. Mwenyeji anayekula uyoga wa kichuguu hicho ameuona huo wako na kuukubali.

Vitano havitoshi. Hakuna kufidia cha pili kwa cha sita, hata mwenyeji awe bibi yako mzaa mama.

## Soma hii kabla ya kuwasha jiko

Mtu akitapika au kuharisha baada ya kula uyoga, angalia saa. Dalili zikija ndani ya saa mbili tatu, mara nyingi ni sumu ya tumbo. Zikichelewa saa sita au zaidi, hadi hata siku nzima, hiyo ni dalili ya sumu ya ini, na kila saa ina thamani. Kama mlichanganya aina mbalimbali, dalili za mapema hazikuondolei hofu ya zile za kuchelewa.

Sumu ya ini ina mtego. Baada ya kutapika na kuharisha, siku ya pili mgonjwa hupata nafuu. Anakaa, anaongea, anaomba uji. Familia inashusha pumzi. Wakati huo ini linaendelea kuharibika, na siku ya tatu au ya nne macho hubadilika kuwa ya njano. Kwa hiyo nafuu ya siku ya pili isikuzuie kwenda hospitali.

Nenda KCMC au Mawenzi ukiwa Moshi, Mount Meru ukiwa Arusha, au kituo chochote cha karibu kianze huduma na kukupa rufaa. Usipoteze muda kwa maziwa wala mafuta. Beba uyoga mbichi uliobaki, mabaki ya chakula, hata matapishi kwenye chombo. Taja saa mliyokula na saa dalili zilipoanza. Wapelekeni wote waliokula, hata wasiojisikia kitu.

## Hatua ya 9: Mlo wa kwanza

Tenga uyoga mmoja mzima, mbichi, na mzizi wake, kwenye mfuko wa kaki ndani ya friji. Huo ni kwa ajili ya daktari, si wa kesho.

Pangusa udongo kwa brashi, kwaruza mzizi na uutupe, suuza haraka bila kuloweka. Kata, weka kwenye sufuria bila mafuta kwanza, uache utoe maji yake hadi yakauke. Ndipo ukaange na kitunguu na nyanya, au uunge kwa karanga. Usiule mbichi wala nusu mbichi.

Mara ya kwanza ale mtu mzima mmoja mwenye afya, kiasi kidogo, bila pombe na bila uyoga mwingine. Subiri siku nzima. Watoto, wajawazito na wagonjwa wa ini wasubiri msimu mwingine. Na tuelewane: kipande kidogo hakikulindi dhidi ya Amanita, kwa kuwa hata kofia moja yaweza kuua mtu mzima. Kinga yako ni hatua nane zilizopita. Kipande kidogo ni cha kujua kama tumbo lako linaupokea, kwa sababu hata uyoga mzuri huwakataa baadhi ya watu.

## Hatua ya 10: Ukipata mwingi

Kichuguu kimoja kinaweza kutoa zaidi ya kinacholiwa, na uyoga huu haukai siku nyingi. Ukishapita uamuzi wa Hatua ya 8, uliwe au ukaushwe siku hiyo hiyo.

Chana kwa mikono vipande virefu, vitandaze kwenye ungo au chanja yenye wavu, juu ya ardhi, penye jua na upepo. Masika jua ni la kuvizia, hivyo jioni malizia juu ya moto wa mbali kabisa, usioivisha. Umekauka ukiukunja unavunjika. Ukipinda bila kuvunjika, bado una maji na utaota ukungu.

Weka kwenye chupa yenye mfuniko, na juu yake bandika karatasi: tarehe, na kichuguu kipi. Uliotoka kichuguu kingine upate chupa yake.